Kuchagua Kihori kwa Mashua Ndogo ya Tanga

Kimilili imeketi chini ya Mlima Elgon, mbali na maji yoyote yawezayo kubeba tanga, na kwa sababu hiyo huenda msomaji akastaajabu kuona mambo ya unahodha yakiandikwa kwa ajili ya watu wa mahindi, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Lakini mto Kuywa na mito mingine iushukayo mlima huu hujimwaga katika Nzoia, na Nzoia, baada ya kuipita Webuye na Mumias, huishia katika Ziwa Victoria jirani na Port Victoria, Kaunti ya Busia, hata mtu wa Bungoma au Kitale atafutaye maji ya kusafiria kwa upepo hana dharura ya kuyafuata Mombasa wala Lamu. Ziwa hilo, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, latosha kumfunza mtu ubaharia mpaka uzee wake. Ikiwa wewe umekwisha kujipatia mashua ya tanga yenye urefu wa mita sita au saba, nayo imetiwa nanga Port Victoria, Sio Port au Kisumu, maneno haya ni yako, na yahusu jambo ambalo wenye mashua aghalabu hulifikiria mwisho, fedha zikiwa zimekwisha: kile chombo kidogo cha kukutoa ufukoni hadi mashuani na kukurudisha salama. Watu wa pwani hukiita kihori au kidau, na wengine siku hizi husema dingi. Humu kitaitwa kihori.

Udogo wake usikufanye ukidharau. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, aliandika kwamba desturi ya mji ule ilikuwa vyombo vidogo kwenda kuilaki kila merikebu iliyotia nanga, vikiwa na vijana waliochukua sahani za chakula zilizofunikwa, kila kijana akimkirimu mfanyabiashara mmoja na kumfanya mgeni wake. Basi hata katika bandari tajiri kama ile, ukarimu na biashara vilianzia ndani ya vyombo vidogo. Kwako wewe mambo ni hayo hayo kwa kiasi kidogo, kwa maana mashua isiyofikika haina manufaa kwa mwenyewe, hata ikiwa imeundwa kwa mbao bora na kushonewa tanga zuri namna gani.

Rai yangu, ambayo mwongozo huu wote waitumikia, ni hii: kihori kipimwe kwa siku yake mbaya, siku ambayo upepo umegeuka ghafula, jua limekuchwa, mashua inaburura nanga, na ndani mna mtoto au mzee asiyejua kuogelea. Sifa mbili ndizo zitakazokufaa siku hiyo: kwanza, uzito ambao wewe na mwenzako mnaweza kuuinua bila ya msaada, pili, uwezo wa kuelea na kukushikilia hata kikiwa kimejaa maji pomoni. Sura, rangi na bei ni mambo ya kutazamwa baada ya hayo mawili kutimia.

Kazi utakazokipa

Kaa kitako nyumbani, kabla hujaenda kwa fundi au muuzaji yeyote, uandike kazi ambazo kihori chako kitatumwa. Ya kwanza ni kuvusha watu, nayo ni dhahiri. Ya pili ni kuchukua mizigo: maji ya kunywa, chakula, mafuta, matandiko, na tanga lililochanika likipelekwa kushonwa. Ya tatu husahauliwa na wengi, nayo ni kupeleka nanga ya pili mbali na mashua iliyokwama mchangani, ili mashua ivutwe kwa kamba mpaka irudi katika kina. Ya nne, ambayo twaomba isitokee, ni kuwatoa watu katika mashua inayozama au inayoungua.

Kazi ile ya tatu ina hatari yake. Joshua Slocum, baharia wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, alisafiri na mashua yake, Spray, tangu 1895 hadi 1898, na mwishoni mwa 1895 ilikwama ufukoni katika nchi ya Uruguay. Alitia nanga na kamba yake katika kihori chake, akapiga makasia kuielekea bahari. Kihori kilikuwa kikivuja na kimelemewa, kikaanza kujaa maji, naye akaitupa nanga wakati kihori kikipinduka. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hajui kuogelea. Alikishikilia, akajaribu kukigeuza tena na tena kabla ya kufaulu na kujikokota hadi nchi kavu. Ikiwa baharia wa cheo kile aliponea chupuchupu katika kihori kilichozidiwa na mzigo, wewe na mimi tuna sababu kubwa zaidi ya kutaka kihori chenye nafasi ya akiba, kisichovuja, na kisichozama.

Ziwa letu nalo laongeza kazi zake. Maji ya karibu na mdomo wa Nzoia ni haba kwa sababu ya matope yanayoteremshwa na mto, na mahali pengi pa ufuko huo pamezungukwa na mafunjo na matete; mashua yenye mkuku mrefu haina budi kutia nanga mbali. Katika maji hayo matulivu yenye majani ndimo waishimo konokono wa kichocho, ambao hutoa vijidudu vipenyavyo katika ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kihori kinachokulazimisha kushuka na kutembea majini kila mara uendapo na urudipo chakuweka katika ugonjwa huo, ilhali kile chenye sakafu ya kutosha na omo thabiti, kinachoelea katika maji ya kina cha sentimita kumi na tano, hukufikisha mahali ambapo waweza kuruka ukakanyaga pakavu. Hiyo ni sababu tosha ya kukataa chombo chenye tumbo la kina kirefu, hata kikiwa chepesi kupiga makasia.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kununua

Pima kwanza nafasi iliyopo juu ya mashua, baina ya mlingoti na omo, au nyuma ya mlingoti ikiwa mashua yako ina paa la chumba. Chukua kamba au karatasi ngumu za maboksi, uzikate kwa kipimo cha kihori unachokitaka, uzilaze mahali pake, kisha uzunguke kama mtu anayekunja tanga usiku; ukiona huwezi kupita wala kuifikia nanga, kihori hicho ni kikubwa mno. Slocum alipoona kwamba Spray haina nafasi ya kidau kizima, alichukua kidau kikuukuu, akakikata katikati kwa msumeno na kuziba mbao upande uliokatwa, akapata chombo alichoweza kukipandisha na kukishusha peke yake, tena alikitumia kufulia nguo na kuogea. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa chombo kinachoingia mahali pake hutumika, na kisichoingia huachwa.

Kipimo cha pili ni cha nchi kavu, nacho chatuhusu sisi wa nchi ya juu kuliko wanavyohusika wakaao ufukoni. Mvuvi wa Port Victoria hukiona chombo chake kila asubuhi. Wewe wa Kimilili utakiona mara moja kwa majuma mawili au zaidi, na katika muda huo jua litakichoma, mvua itakijaza, na mkono wa mwizi utakuwa na wasaa wa kutosha. Una njia mbili. Waweza kuafikiana na kamati ya ufuko, ile ijulikanayo kama BMU, ukakiacha chini ya ulinzi kwa ada inayokubalika, kikiwa kimepinduliwa juu ya magogo na kufungwa kwa mnyororo na kufuli. Au waweza kukichukua nyumbani juu ya gari. Ukiichagua njia ya pili, uzito ndio utakaoamua kila kitu, kwa sababu chombo cha kilo 35 watu wawili hukipandisha juu ya gari la kawaida bila ya kuhema, na chombo cha kilo 70 hutaka watu wanne, pikapu, na malipo ya wabebaji kila mwisho wa safari.

Henry Morton Stanley alilijua jambo hili alipotaka kulizunguka ziwa hili hili. Mashua yake, Lady Alice, yenye urefu wa mita 12 hivi, iliundwa Uingereza kwa vipande vya kuunganishwa; vipande vilipofika Unguja vilionekana vizito kuliko mabega ya wapagazi yawezavyo kustahimili, ikabidi fundi avipunguze kabla ya msafara kuondoka Bagamoyo. Wapagazi walivichukua hadi ufuko wa kusini wa ziwa, mashua ikaungwa, na mwezi wa Machi 1875 ikaanza safari ya kulizunguka ziwa lote. Hadi leo vipo vihori vinavyoundwa kwa vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine, navyo vyamfaa sana mtu mwenye gari dogo na mashua isiyo na nafasi.

Ukubwa na umbo

Kwa mashua ya mita sita au saba, kihori cha mita 2 hadi 2.5, chenye upana wa mita 1.1 hadi 1.25, chatosha kwa kawaida. Kujua idadi ya watu ambao chombo kidogo cha namna hii chaweza kuchukua katika maji matulivu, zidisha urefu wake kwa upana wake, kwa mita, kisha ugawanye kwa 1.4: kihori cha mita 2.4 kwa mita 1.2 kitakupa hesabu ya watu wawili, na cha mita 3 kwa mita 1.4 kitakupa watu watatu. Hesabu hiyo ni ya hali njema ya hewa. Kukiwa na mawimbi, mtoe mtu mmoja au utoe mzigo. Baada ya wote kukaa, ukingo wa kihori usiwe chini ya sentimita 25 juu ya maji. Familia ya watu watano haihitaji kihori kikubwa kwa sababu hiyo tu. Yaweza kuvuka kwa safari kadhaa, na safari ya ziada haigharimu ila dakika chache. Ziwa hili limekwisha kutufunza adhabu ya kupakia kupita kiasi: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imejaza watu kuliko kadiri yake, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa ilhali nchi kavu ilikuwa ikionekana.

Kuhusu umbo, utachagua baina ya omo iliyochongoka na omo iliyokatwa bapa. Omo iliyochongoka huyapasua mawimbi na kukufikisha ukiwa mkavu zaidi, lakini katika urefu mdogo hupoteza nafasi, na mtu akisimama pale mbele ili ashuke, kihori huinama upande. Omo bapa hupigwapigwa na mawimbi madogo na kurusha maji, lakini hukupa upana mpaka mwisho wa chombo, na mahali thabiti pa kukanyagia unaposhuka ufukoni. Kwa kihori kisichozidi mita 2.4, napendelea omo bapa bila ya kusita. Sakafu iwe pana na karibu kunyooka, yenye mbao mbili au tatu za kukinga mchanga chini yake, kwa maana sakafu ya mviringo hupendeza inapopigiwa makasia lakini huenda mrama mtu anapoingia kutoka mashuani, na hapo ndipo ajali nyingi za vihori hutokea. Mtumbwi wa gogo, mwembamba na mrefu, wafaa mikononi mwa mtu aliyekua ndani yake, mgeni asiuchague.

Vitu vya kuundia

Mtu wa Elgon hufikiri mbao kwanza, naye ana haki, kwa kuwa anaishi jirani na misitu na mashine za kupasulia magogo. Mvule ni mti wenye sifa njema majini, hauozi upesi wala hauliwi na mchwa kwa wepesi, na mafundi wa ziwani wameutumia kwa vizazi. Tiki ya Elgon ni ngumu na nzito mno kwa ubavu wa kihori. Itumie kwa ule ubao wa chini unaosuguana na mawe, basi. Mkalatusi hupinda na kupasuka ukikauka. Saiprasi ni nyepesi, hupatikana Kimilili na Kitale, na hufaa kwa mbao za kukalia na kwa kingo, maadamu umechagua ubao usio na vifundo vingi na uliokaushwa vizuri chini ya kivuli.

Lakini kihori cha mbao zilizopangwa na kutiwa kalafati kina tabia ambayo haipatani na maisha yako. Mbao hizo huvimba zikiwa majini na kufunga viungo vyao. Zikikaa juani majuma matatu, hunywea, viungo hufunguka, na siku utakapokishusha kitavuja hadi kesho yake. Anayekitumia kila siku hapati taabu hiyo. Wewe utaipata kila safari. Fauka ya hayo, maji ya ziwa ni baridi, yaani hayana chumvi, na ingawa hayana yule mdudu wa baharini atoboaye mbao, hayana pia ile chumvi ambayo huzuia kuoza. Maji ya mvua yaliyotuama ndani ya kihori ndiyo adui mkubwa wa mbao katika nchi yetu.

Kwa hiyo plaiwudi ni bora kwa mtu wa hali yako. Optimist, ambayo watoto wa nchi nyingi hujifunzia tanga, ilibuniwa na Clark Mills huko Florida mwaka wa 1947 ili iundwe kwa plaiwudi kwa gharama ndogo, nayo ina urefu wa mita 2.3 na uzito wa kilo 35. Mirror, iliyobuniwa Uingereza na Jack Holt na Barry Bucknell mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina mita 3.3 na uzito wa kilo 45 hivi, na vipande vyake vya plaiwudi hushonwa kwa nyaya za shaba kabla ya kuunganishwa kwa gundi na kitambaa cha glasi. Wazee wa Lamu na Pate, walioshona vyombo viitwavyo mitepe kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, wangeitambua kazi hiyo mara moja. Fundi wa samani wa Kimilili, mwenye msumeno mzuri na subira, aweza kuunda kihori cha namna hiyo kwa mchoro.

Tahadhari moja tu ni kuu: jina la plaiwudi lisikutoshe. Mwombe mwenye duka, iwe plaiwudi imetoka Eldoret au ng'ambo, akupe kipande cha upana wa kiganja. Kitazame ubavuni: matabaka yawe yameshikana bila ya mianya, kwa sababu mwanya mmoja ndani ya ubao ni mfereji wa maji. Kisha kitie katika sufuria ya maji yanayochemka, ukiache kwa saa kadhaa, ukitoe, ukianike mpaka kikauke, na ukirudie tena. Gundi ya samani za ndani itaachia, na matabaka yatafunguka. Gundi ya nje itashika. Jaribio hilo lagharimu makaa kidogo, na laweza kukuokolea kihori kizima.

Fibaglasi hudumu sana na haitaki rangi kila mwaka, ila aghalabu ni nzito kuliko plaiwudi. Ukiuziwa iliyotumika, igongegonge kwa sarafu sakafuni na ubavuni, ukisikiliza: mlio mkavu na wa wazi ni dalili ya uzima, na mlio mzito ulioziba ni dalili kwamba matabaka yameachana. Plastiki nayo imeonyesha uwezo wake katika maji yetu. Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, lilishushwa majini mwaka wa 2018, na mwaka wa 2021 likaletwa Kisumu likasafiri katika Ziwa Victoria. Vihori vya plastiki ni vigumu kuvunjika, na hufaa kwenye ufuko wa mawe kama wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, lakini vingi ni vizito, na vikipasuka si kila fundi awezaye kuviziba.

Vilivyobaki ni vihori vya kupuliza. Sifa zake ni kubwa: havipinduki kwa urahisi, huelea hata vikijaa maji, hukunjwa vikaingia katika buti la gari, na ubavu wake laini hauikwaruzi mashua. Kasoro zake nazo zijulikane. Kitambaa cha PVC ni rahisi kwa bei lakini jua la ikweta hukila. Kile kiitwacho Hypalon ni ghali na hustahimili jua miaka mingi zaidi. Miiba ya mgunga, ndoana na mapezi ya samaki hukitoboa. Kihori cha namna hii kikikabiliana na upepo wa mbele, makasia hushindwa kukiendesha. Tena kumbuka kwamba Kimilili iko juu ya ziwa kwa mamia ya mita: kihori ulichokipuliza nyumbani hulegea ufikapo chini, kwa kuwa hewa ya ziwani ina mgandamizo mkubwa zaidi, nacho kikiachwa juani adhuhuri hukaza mpaka kikaweza kufumuka. Kipulize ufukoni, na ukipunguze hewa ukikiacha juani.

Kuelea, makasia na mashine

Kihori kigumu cha aina yoyote sharti kiwe na hazina ya hewa isiyoweza kujaa maji. Lita moja ya hewa iliyofungwa, ikizamishwa, huinua karibu kilo moja. Basi madumu matano ya lita 20, yaliyofungwa vifuniko barabara na kufungwa chini ya mbao za kukalia, mawili kila ubavu na moja omoni, yatakupa nguvu ya kilo mia hivi, ambayo yatosha kukishikilia kihori cha plaiwudi na watu watatu wanaokining'inia huku miili yao ikiwa majini. Yafunge kwa mikanda mipana, si kwa uzi, kwa sababu kila dumu litavuta juu kwa nguvu ya karibu kilo 20 siku litakapohitajika.

Makasia yawe na urefu wa takriban mara mbili ya upana uliopo baina ya kishwara na kishwara, na yaweze kulala ndani ya kihori. Chukua na kafi moja ya akiba, na upo wa kufulia maji uliofungwa kwa kamba ili usielee ukaenda zake. Jifunze kupiga makasia kabla ya kununua mashine. Mashine ndogo ya nguvu za farasi 2.5 ina uzito wa kilo 17 hivi, hutaka mafuta na matengenezo, na kwenye ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa. Isitoshe, gugu maji hujizungusha katika pangaboi na kuizima, ilhali kasia husukuma na kupita. Mashine ni msaidizi mwema kwa masafa marefu. Dhamana ya maisha yako iwe makasia.

Upepo wa ziwa nao uuhesabu. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na baada ya adhuhuri hugeuka ukaja ufukoni. Wavuvi wa upande wa Kenya hutoka kwa ule wa kwanza na kurudi kwa huu wa pili. Maana yake ni kwamba utaingia kihorini asubuhi katika maji yaliyolala, na utarudi alasiri mawimbi yakiwa yameinuka na mawingu ya radi yakijikusanya. Kipime kihori kwa safari ya kurudi, wala usikipime kwa safari ya kutoka.

Unapokifungasa nyuma ya mashua, tumia kamba mbili, moja ikiwa ya akiba, zifungwe chini karibu na maji na sio juu ya ukingo, na uzirefushe mpaka kihori kikae juu ya mteremko wa mbele wa wimbi la pili nyuma yako. Toa mashine, makasia na kila kitu kilicho ndani. Ukiona ziwa linageuka rangi upande wa upepo, kipandishe mashuani mapema, kwa kuwa kihori kilichojaa maji katika dhoruba huivuta mashua kwa nguvu ambazo huwezi kuzishinda, na wengi wamelazimika kukata kamba. Kizungushie ukingo dafrau ya kamba nene, kisije kikaila rangi ya mashua usiku kucha.

Jaribio la mwisho

Siku ya kulipa, nenda na mtu mwingine mwenye uzito kama wako, wote wawili mkiwa na majaketi ya kuokolea maisha, na umwambie muuzaji kwa adabu: "Fundi, kabla hatujahesabiana fedha, naomba tukijaze maji." Fundi anayeiamini kazi yake hatakukatalia. Kiinueni kwanza, mkitembeze hatua thelathini mchangani. Mkishindwa, rudini nyumbani. Kishusheni, mkae nusu saa, mtazame kama sakafu imepata maji. Simama ubavuni, karibu na ukingo, uone chainama kiasi gani. Kisha kijazeni maji mpaka ukingoni, mshuke mkishikilie mmoja kila upande: kisipowabeba, hakifai. Mwisho, jaribu kuingia ndani kutoka majini kupitia tezini; ukishindwa mchana wa utulivu, hutaweza usiku wa mawimbi, nawe utahitaji ngazi ya kamba.

Kamilisha na mambo ya sheria. Uliza ofisi ya Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya, KMA, kuhusu ukaguzi na leseni ya chombo chako, ujitambulishe kwa BMU ya ufuko wako, na kumbuka kwamba maji ya Sio Port na Port Victoria yapakana na Uganda, hivyo karatasi zako ziwe kavu na ziwe karibu. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kila mtu kihorini, mkubwa kwa mdogo, hata kama mashua iko umbali wa kutupa jiwe.

Ukiniuliza hukumu yangu kwa mtu wa Kimilili mwenye mashua ndogo na akiba ya wastani, nitakujibu bila ya kuzungukazunguka: chukua kihori cha plaiwudi iliyochemshwa na kuthibitika, chenye omo bapa, urefu wa mita 2.4, uzito usiozidi kilo 40, madumu matano chini ya mbao za kukalia, na makasia mawili mazuri. Na kama huna mahali pa kukiweka wala gari la kukichukulia, chukua cha kupuliza cha kitambaa bora, ukikubali ughali wake. Tenga fedha zake siku ile ile unapotenga fedha za mashua, wala usiwapakie wapenzi wako katika chombo ambacho hujakijaza maji kwa mikono yako mwenyewe na kukiona kikielea.